Kichupa ulichokipata kwenye jaketi la mwanao usikitupe

*Swali: Mimi ni mama kutoka Nandi. Kijana wangu ana miaka 19, anakimbia nusu marathoni na anaishi kambini Iten. Mwezi uliopita alirudi nyumbani goti likimsumbua. Nikifua nguo zake nikapata kichupa cha dawa kwenye mfuko wa jaketi. Akaniambia kuna daktari anayekuja kambini, huwatundikia dripu ya vitamini na kuwachoma sindano ya maumivu, kila mtu analipa. Wiki iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wawili walibisha hodi kwangu wakasema wametumwa kuchukua mkojo wake. Serikali inatafuta nini kwa mkimbiaji? Hii si kazi ya chama cha riadha? Wanaweza kumfunga? Na hiki kichupa nikitupe chooni?*

Mama, nianzie mwisho wa barua yako: kichupa usikitupe. Kitie kwenye kopo safi lenye kifuniko, kiweke mahali penye baridi, na usikioshe. Sababu nitakupa, na sababu hiyo ndiyo jibu la swali lako kubwa, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mimi ni mfamasia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa kambini kuzungumza na wakimbiaji kuhusu dawa zilizopigwa marufuku, zile ambazo magazeti huziita pufya. Barua kama yako huwa zinanifikia zikiwa zimechelewa, mtoto ameshafungiwa na mama anauliza alikosea wapi. Yako imefika mapema. Nashukuru uliandika.

Waliobisha hodi hawakukosea saa. Wapimaji wanaruhusiwa kuja bila taarifa, na saa zao za kawaida ni kuanzia kumi na moja alfajiri hadi tano usiku. Katikati ya usiku hawaji ila pakiwa na shaka nzito. Wanapenda alfajiri kwa sababu mtu akijidunga EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, kidogo kidogo, dalili zake hupotea mwilini haraka, na anayetumia anajua kupiga hesabu ya saa.

Najua ulikaa sebuleni bila kujua kinachoendelea chooni, basi nikueleze. Kijana alichagua mwenyewe kikombe kilichofungwa kati ya kadhaa. Akaingia na afisa mwanamume, shati likapandishwa hadi kifuani, suruali ikashushwa hadi magotini, na yule afisa akawa anatazama. Inatia aibu, hasa kwa kijana aliyelelewa kwa adabu. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu kuna watu waliwahi kuja na mkojo wa mtu mwingine wameuficha chini ya nguo. Kisha akachagua sanduku lenye chupa mbili za kioo, A na B, wakalinganisha namba zilizo kwenye chupa na kwenye vifuniko. Mkojo unatakiwa usipungue mililita 90: angalau 30 kwenye B na 60 kwenye A. Anayemimina ni mwanariadha. Kifuniko kikizungushwa hulia tik, tik, tik, na hakirudi nyuma. Kukifungua ni hadi kivunjwe maabara. Mwisho akatia sahihi, akapewa nakala.

Nakala hiyo itafute leo. Juu yake pameandikwa shirika lililoagiza kipimo. Kama ni ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizi, basi ni la serikali kweli. Kama ni AIU, kitengo cha uadilifu cha Shirikisho la Riadha la Dunia chenye makao Monaco, basi waliokuja kwako hawakutumwa na serikali yoyote. Ni kazi ya mchezo wenyewe, kama ulivyodhani.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Chama kina nguvu ya kumzuia mwanao asikimbie, na nguvu hiyo inaishia kwenye mstari wa uwanja. Chama hakiwezi kusimamisha gari barabarani na kufungua buti. Hakiwezi kuingia dukani kwa kemisti na kudai daftari la mauzo, wala kumwita yule anayejiita daktari akaapishwa na kuulizwa dawa anazitoa wapi. Mkojo unaonyesha kilichoingia mwilini. Aliyekiuza hauonyeshi. Serikali ina kazi pale mkojo usipofika, na hilo ndilo pekee ninalotaka kukueleza katika barua hii, kwa sababu hata kwetu hapa serikali huonekana sana mahali pengine.

Tarehe 8 Julai 1998, siku chache kabla ya mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, maafisa wa forodha walisimamisha gari karibu na mpaka wa Ubelgiji. Dereva alikuwa Willy Voet, mkandaji misuli wa timu ya Festina. Ndani ya gari mlikuwa na mamia ya vichupa: EPO, homoni za ukuaji na nyinginezo. Waendeshaji wa timu hiyo walikuwa wakipimwa mkojo kila mara na EPO haionekani, kwa sababu kipimo chake kilikuwa bado hakijapatikana. Kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Kwa maneno mengine, maabara zote za michezo ulimwenguni zilishindwa na mtu wa forodha aliyesema, fungua buti. Timu ile ilifukuzwa mashindanoni, na mwaka uliofuata likaundwa shirika la dunia la kupambana na dawa hizi, WADA, ambalo nusu ya fedha zake hutoka kwa serikali na nusu kwa wenye Olimpiki.

Miaka ishirini baadaye yakajirudia kwa namna nyingine. Februari 27, 2019, polisi wa Austria waliingia kwenye malazi ya wateleza theluji mjini Seefeld, wakati wa mashindano ya dunia, wakamkuta mmoja ana sindano ya damu mkononi. Damu ilikuwa yake mwenyewe, ilitolewa na kuhifadhiwa ili arudishiwe kabla ya mbio. Siku hiyo hiyo polisi wa Ujerumani walikuwa kwenye zahanati ya daktari mmoja mjini Erfurt. Daktari huyo, Mark Schmidt, alihukumiwa mwaka 2021 kifungo cha miaka 4 na miezi 10. Ona hapo aliyekwenda ndani ni nani.

Sasa nikupeleke Marekani, kwa sababu huko serikali imejaribu njia zote mbili, ya kelele na ya kazi, na tofauti yake inaonekana wazi.

Mchezo wanaoupenda ni besiboli. Mchezaji anashika gongo, anarushiwa mpira, na akiupiga ukavuka uzio wa uwanja watu wanasimama wote. Kwa miaka 37 rekodi ilikuwa mipigo 61 ya namna hiyo kwa msimu. Mwaka 1998 wachezaji wawili waliivunja katika msimu mmoja: Mark McGwire alipiga 70, Sammy Sosa 66. Mwaka 2001 Barry Bonds akapiga 73. Miili ilikuwa imevimba na kila mwenye macho aliona, lakini viwanja vilijaa na wenye ligi walikuwa wakihesabu pesa. Mchezaji aliyekutwa na steroidi, dawa za kukuza misuli, mwaka 2004 kwa mara ya kwanza hakufungiwa hata mechi moja. Alipelekwa kwenye ushauri.

Machi 17, 2005, kamati ya Bunge la Marekani iliwaita wachezaji kwa hati ya wito, kwa sababu hawakutaka kuja kwa hiari. Kabla wachezaji hawajaketi, waliketi wazazi. Nakutajia hili kwa kuwa wewe ni mzazi. Walikuwa wamepoteza vijana wao, wanamichezo waliotumia steroidi wakiwaiga hao mashujaa wa televisheni, wakaingia katika huzuni nzito na kujiua. Wazazi walizungumza mbele ya kamera. Baadaye wakaja wanaume wenye suti. McGwire aliulizwa tena na tena, akajibu kwamba hakuja kuzungumzia yaliyopita. Rafael Palmeiro alinyoosha kidole akawaelekezea wabunge, akasema hajawahi kutumia steroidi, nukta. Agosti mosi mwaka huo huo ikatangazwa kwamba amekiuka kanuni za dawa, na siku chache baadaye ikaripotiwa kwamba kipimo chake kimeonyesha steroidi iitwayo stanozololi. Adhabu yake ilikuwa siku kumi. Yeye hushikilia kwamba hakuitumia kwa kujua. McGwire alikiri Januari 2010.

Je, siku ile ilisaidia? Kwa jambo moja ilisaidia sana. Kufikia Novemba 2005 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana adhabu mpya: mechi 50 kwa kosa la kwanza, 100 kwa la pili, na la tatu maisha. Hawakufanya hivyo kwa kuguswa na machozi. Tangu mwaka 1922, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu, besiboli imeachwa nje ya sheria zinazozuia wafanyabiashara kuhodhi soko, na Bunge ndilo linaloweza kuuondoa mwavuli huo. Wabunge walipoanza kuutaja, mazungumzo yaliyokwama miaka mingi yakaisha kwa miezi. Pale serikali ilikuwa na kitu ambacho ligi ilikiogopa, na ikakitumia kudai kanuni. Hiyo ni kazi halali ya Bunge.

Lakini waendesha mashtaka walipoanza kuwaandama mastaa, mambo yalikwenda kombo. Bonds alishtakiwa kwa kusema uongo mbele ya baraza la mahakama, akapatikana na hatia moja ya kuzuia haki mwaka 2011, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta. Roger Clemens alikwenda bungeni Februari 2008 akakana, akashtakiwa kwa kulidanganya Bunge, na mwaka 2012 akaachiliwa kwa makosa yote. Miaka na miaka, mawakili wa serikali kwa mawakili wa matajiri, na mwisho hakuna kilichobaki mkononi.

Linganisha na kilichotendeka kimyakimya. Septemba 3, 2003, wapelelezi wakiongozwa na mtu wa idara ya kodi walipekua kampuni ndogo ya virutubisho huko Burlingame, California, iitwayo BALCO. Humo ndimo ilimokuwa ikitoka steroidi iliyotengenezwa makusudi isionekane kwenye kipimo chochote. Maabara ilikuja kuijua kwa sababu kocha mmoja alipeleka sindano yenye mabaki kwa wakala wa Marekani wa kupambana na dawa hizi, na mtaalamu wa Los Angeles, Don Catlin, akaichambua. Sindano moja yenye mabaki, Mama. Ndiyo maana nimekuambia kichupa usikioshe. Mwenye kampuni, Victor Conte, akaenda jela, na mkemia aliyeitengeneza naye akaenda. Vifungo vilikuwa vya miezi tu, na mimi naona vilikuwa vidogo mno. Hata hivyo bomba lilikatwa.

Kuna na mfano ninaoupenda zaidi. Ligi ilimpa seneta wa zamani George Mitchell kazi ya kuchunguza. Hakuwa na mamlaka ya kumlazimisha mtu kusema, na wachezaji karibu wote walimkwepa. Ripoti yake ilipotoka Desemba 13, 2007, ilikuwa na kurasa 409 na majina ya wachezaji 89. Aliyapata wapi? Mengi yalitoka kwa Kirk Radomski, aliyekuwa mfanyakazi wa chumba cha wachezaji wa New York Mets, mtu wa kupanga jezi na vifaa. Wapelelezi wa serikali walimnasa akiuza dawa, na sharti mojawapo la kumpunguzia adhabu likawa azungumze na Mitchell. Akatoa hundi walizomlipa na risiti za vifurushi alivyowatumia. Besiboli nzima ikafunuliwa na daftari la muuzaji.

Turudi nyumbani. Kenya haikuingia kwenye jambo hili kwa hiari yake, na tuseme hivyo bila kuona haya. Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alipatikana na EPO mwaka 2014. Hapakuwa na sheria wala shirika la kusimama peke yake. ADAK iliundwa mwishoni mwa 2015. Sheria ya kupambana na dawa hizi ikatiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta Aprili 2016. Mwezi Mei WADA ikasema bado haijakidhi masharti, Bunge likairekebisha mbio mbio kabla ya Olimpiki ya Rio, na Agosti tukakubaliwa. Huko Rio kwenyewe meneja wa timu yetu ya riadha alirudishwa nyumbani baada ya waandishi kumnasa kwenye video akiahidi, kwa malipo, kutoa taarifa mapema za wapimaji. Alifungiwa miaka kumi. Bingwa wetu wa marathoni wa Rio, Jemima Sumgong, alipatikana na EPO miezi michache baadaye.

Novemba 2022 tulikaribia kufungiwa nchi nzima. Serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano, na Shirikisho la Dunia halikutufungia. Pesa hizo zimeongeza vipimo, na vipimo vikiongezeka majina nayo huongezeka. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba Wakenya wengi wananaswa, sehemu yake ni kwamba sasa tunatazama. Hata aliye juu kabisa hakuachwa. Ruth Chepngetich aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake Chicago Oktoba 2024, saa 2:09:56, nasi tukalia kwa furaha. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na dawa ya presha, ile ya kupunguza maji mwilini, nanogramu 3,800 kwa mililita ambapo kiwango cha kuripoti ni 20. Dawa za aina hiyo zimepigwa marufuku kwa sababu zinaweza kuficha nyingine. Alisema alikunywa dawa ya msichana wake wa kazi. Amefungiwa miaka mitatu.

Hapa ndipo linaponiuma. Orodha ya wakimbiaji waliofungiwa ni ndefu na kila mtu anaweza kuisoma. Wauzaji waliofikishwa kortini, ukiwaweka kando ya orodha hiyo, ni wachache mno. Ilhali EPO si bangi ya kulimwa nyuma ya nyumba. Ni dawa ya watu, inayotumiwa na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, na inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi mkononi mwa muuguzi. Kila kichupa kina namba ya toleo. Kila toleo liliingia nchini kwa karatasi, likapita kwa msambazaji mwenye leseni, likafika duka au hospitali fulani. Kichupa kinachoishia chini ya kitanda Iten kimechepuka njiani mahali panapojulikana, na Bodi ya Famasia na Sumu ina uwezo wa kufuata njia hiyo nyuma, na polisi pamoja nayo. Sheria ya 2016 inamtia hatiani anayempa mwanariadha dawa hizi, si mwanariadha peke yake. Tukiendelea kuhesabu mafanikio kwa idadi ya vijana waliofungiwa, yule mwenye begi ataendelea kuja kambini kila Jumanne, kwa sababu akinaswa mteja mmoja yeye ana wengine kumi wanaomngoja.

Sasa kijana wako.

Kwanza dripu. Wengi hawalijui hili, na nimeona vijana wakishika kichwa nikiwaambia: kwa mwanariadha dripu yenyewe ni kosa, hata ikiwa ni maji ya chumvi na vitamini tupu. Kanuni inakataza kuingiziwa kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 katika saa 12, isipokuwa ni matibabu halali ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa daktari. Mfuko wa kawaida ni mililita 500. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumtundikia dripu kijana mzima anayekula ugali na maziwa, na anayefanya hivyo kambini ama hajui kanuni au anazijua vizuri sana.

Pili sindano ya goti. Tazama kichupa. Ukiona neno Triamcinolone, Dexamethasone au Methylprednisolone, hizo ni dawa za uvimbe na maumivu. Ni dawa halali za hospitali, lakini tangu Januari mosi 2022 sindano zake za aina zote zimekatazwa wakati wa mashindano, na zinaweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuchomwa. Ya kwanza hapo imetuumiza sana: AIU ilitangaza mwaka 2022 kwamba katika muda mfupi Wakenya kumi walikutwa nayo, na kutoka mataifa mengine yote wawili tu. Hapa tarehe ni muhimu: alichomwa lini, alishindana lini. Kama goti lilikuwa na ugonjwa kweli na alitibiwa na daktari kweli, kuna kibali cha matibabu ambacho wakati mwingine huombwa hata baada ya tukio. Lakini ukiona Epoetin, Darbepoetin au Nandrolone, hakuna goti duniani linalotibiwa hivyo kwa mkimbiaji wa miaka 19, na kibali usikitarajie.

Tatu, kufungwa. Mwanariadha aliyepatikana na dawa adhabu yake ya kawaida ni ya kimichezo: hadi miaka minne asishindane. Najua miaka minne kwa mkimbiaji ni maisha, na kwa nyumba iliyouza ng'ombe apate nauli na viatu ni zaidi ya maisha. Lakini kwa sehemu kubwa kinachowazamisha watu ni kile wanachofanya baada ya kipimo. Sumgong alifungiwa minne, ikawa minane kwa sababu ya karatasi za hospitali ambazo hazikuwa za kweli. Wilson Kipsang alikosa vipimo, akaleta picha ya lori lililopinduka kueleza kwa nini alichelewa. Ikabainika ajali ile ilitokea miezi mitatu baadaye. Marion Jones wa Marekani, aliyetoka Sydney na medali tano, alikwenda jela miezi sita, na kosa lililompeleka lilikuwa uongo aliowaambia wapelelezi. Kichupa kikitupwa chooni, Mama, ni njia hiyo hiyo inaanza, na safari hii mguu wa kwanza ungekuwa wako.

Upande wa pili upo pia. Anayekiri mapema, ndani ya siku 20 tangu afunguliwe mashtaka, anaweza kupunguziwa mwaka katika ile minne. Na anayetoa habari za kweli zinazomfikisha aliyempa dawa kwenye sheria, hadi robo tatu ya muda wake wa kufungiwa inaweza kusimamishwa. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya vijana kama wako. Inawafaa wachache, kwa sababu wakati wa kuitumia unapofika, ushahidi huwa umeshaoshwa na kutupwa, na jina la daktari ni "Dakta" tu, hana la pili.

Kwa hiyo kaeni chini, wewe na yeye, bila kelele. Mwambie aandike kwa mkono wake: alitundikiwa dripu mara ngapi na tarehe zipi, alichomwa wapi, alilipa kiasi gani na kwa namba gani ya simu. Ujumbe wa malipo asiufute; huo ndio hundi za Radomski za kwetu. Jina la huyo daktari mlitafute kwenye daftari la Baraza la Madaktari, linapatikana mtandaoni. Asipokuwemo, hilo nalo ni ushahidi. Asirudi kwenye ile kambi mpaka mjue la kufanya. Kisha, kabla ya kuandikia ofisi yoyote, mtafuteni wakili aliyewahi kusimamia kesi kwenye jopo la mizozo ya michezo, na ADAK muende naye, kijana akiwa mbele, asiwe wa kuburutwa.

Wenzake kambini watasema amewauza, na hilo litamkaa rohoni, hasa kama kuna aliyemkopesha viatu au aliyemfundisha kupanga mbio. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba wenzake nao wana mfuko ule ule umetundikwa kwenye msumari ule ule, na nyumbani kwao kuna mama ambaye bado hajafua jaketi.

Kichupa kigeuze ubavuni, tafuta herufi LOT au Batch, na mbele yake namba. Mara nyingi imepigwa kwa wino mwepesi unaofutika kwa jasho la mkono. Ipige picha leo, kwenye mwanga wa dirisha, kabla hujakirudisha kwenye kopo.